Nenosiri Limekataliwa? Usikimbilie Kuzima Ulinzi

Tuseme una duka la nguo pale Gikomba. Malipo yanaingia kwa Till, oda zinakuja kwa simu, na daftari limejaa. Unaamua kuhamishia rekodi kwenye kompyuta. Fundi anaweka MySQL kwenye seva ya Ubuntu, halafu phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata kupitia brauza. Katikati ya kazi mambo yanakwama: ERROR 1819. Fundi anakuambia, "Boss, tuzime tu hii kitu ya password tumalize."

Ngoja kwanza. Hapo ndipo yatakapokaa majina ya wateja wako, namba zao za simu na pesa walizolipa.

Shida iko wapi?

ERROR 1819 inamaanisha nenosiri halijatimiza masharti ya MySQL. Mlinzi wa masharti hayo anaitwa validate_password, na ana viwango vitatu:

- LOW: anaangalia urefu tu, kwa kawaida kuanzia herufi 8.
- MEDIUM: urefu huo, pamoja na angalau tarakimu moja, herufi kubwa moja, herufi ndogo moja na alama maalum moja, kama # au !.
- STRONG: hayo yote, na anaweza pia kukataa maneno yaliyo kwenye faili ya kamusi.

Kinachochanganya wengi ni hiki: phpMyAdmin nayo inahitaji nenosiri lake la kuingia MySQL. Ukiacha nafasi hiyo wazi, inajitungia lenyewe kwa herufi na tarakimu, bila alama maalum. MEDIUM inalikataa, na wewe hata hujaliona!

Fanya hivi

1. Ujumbe ukitokea, chagua "retry" ile ya kawaida, si ile inayoruka maswali. Utaulizwa maswali upya.
2. Ukifika kwa nenosiri, usiache wazi. Andika lako mwenyewe, refu, lenye mchanganyiko wote wa MEDIUM.
3. Likikataliwa tena, ingia MySQL uone masharti yaliyowekwa:
`SHOW VARIABLES LIKE 'validate_password%';`
4. Usichague "ignore". Kazi itaendelea, lakini kosa litabaki palepale.

Na kama lazima uzime?

Kwenye MySQL 8, mlinzi huondolewa hivi:
`UNINSTALL COMPONENT 'file://component_validate_password';`

Ukimaliza tu, mrudishe kabla fundi hajaenda:
`INSTALL COMPONENT 'file://component_validate_password';`

Kumbuka, mlinzi hukagua nenosiri wakati linapowekwa. Lile dhaifu uliloliweka akiwa hayupo litaendelea kufanya kazi hata akirudi. Libadilishe.

Kwa nini ujisumbue?

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya wateja ikivuja na kuwaweka hatarini, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Dakika kumi za kutunga nenosiri zuri ni nafuu kuliko hiyo simu.

Na la mwisho: PIN yako ya pesa isiwe nenosiri la kitu kingine chochote, na usimpe fundi hata kama mnajuana. Fundi wa kweli hatakuomba.