Ukijibu 'Shida', nani atakupigia simu?

MGONJWA wa kisukari wa Takaba, Kaunti ya Mandera, huambiwa apunguze sukari katika chai na wali katika sahani, kisha hurudi nyumbani kwa chai na wali ule ule. Je, simu yaweza kumsaidia?

Utafiti wa Nairobi na Kajiado, uliochapishwa mwaka wa 2010, unatupa mwanga. Ulihusu wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Takriban nusu yao walitumiwa swali moja kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida". Aliyetaja shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Kwa maelezo yao wenyewe, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo. Kwa wenzao wasiotumiwa, asilimia 50.

Kubadili chakula ni kazi ngumu zaidi, maana jamaa nzima hula pamoja. Ujumbe wa Takaba uwe kwa lugha ya nyumbani, na wa sauti kwa wasiosoma.

Nawe msomaji, kabla ya kujiunga na programu yoyote ya lishe, uliza: nikikwama, nani atanijibu?