Vumbi la Duarani na Walinzi wa Mapafu

Sehemu ya dhahabu ya ukanda wa Geita imejificha ndani ya mwamba wa kwatzi. Ili kuipata, wachimbaji wadogo wa Bukombe, Mbogwe na Geita huutoboa mwamba huo duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, huupasua kwa baruti, huuponda kwa nyundo, kisha huusaga kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe. Kila hatua hutimua vumbi, na vumbi la kwatzi ni silika. Vumbi hilo haliishii kuleta kikohozi. Huziua seli zilezile ambazo mwili huzitegemea kupambana na bakteria wa kifua kikuu.

Mtu mzima huvuta lita zipatazo 10,000 za hewa kwa siku. Chembe kubwa zilizomo hunaswa puani na kwenye ute wa njia ya hewa, kisha vinyweleo vidogo visivyopumzika huusukuma ute huo juu hadi utemwe au umezwe. Lakini chembe za chini ya maikromita 5, zisizoonekana kwa macho, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako oksijeni huingia katika damu. Huko chini vinyweleo havipo. Mlinzi ni seli iitwayo makrofaji, inayozunguka juu ya kuta za vifuko ikimeza kila kigeni inachokutana nacho.

Ulaji huo uligunduliwa na mwanasayansi Élie Metchnikoff mwaka 1882, alipochoma viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa miiba midogo na kuona seli zikikusanyika kuizunguka. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Makrofaji ikimmeza bakteria, humfungia ndani ya kifuko chenye asidi na vimeng'enya na kumsaga. Wavamizi wakizidi, hutoa kemikali za kuomba msaada. Ndani ya saa chache seli nyingine za kinga, nyutrofili, hutoka kwenye damu na kumiminika mapafuni. Hivi ndivyo mwili unavyopambana na bakteria wengi wa nimonia.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza tarehe 24 Machi 1882, ni mjanja zaidi. Akimezwa, huzuia kifuko alichofungiwa kisiungane na vimeng'enya, na huishi ndani ya seli iliyokusudia kumuua. Ndipo seli za T zenye alama ya CD4 zinapoingia: hutoa kemikali ya intaferoni gama inayoipa makrofaji nguvu mpya, na kwa pamoja huwazingira bakteria ndani ya kivimbe kidogo. Kwa watu wengi walioambukizwa, mzingo huo hudumu maisha yote, wasiugue kamwe.

Silika huuvunja mzingo huo. Makrofaji huimeza chembe ya silika kama imezavyo bakteria, lakini jiwe halisagiki. Chembe hutoboa kifuko cha ndani, vimeng'enya humwagika, seli hufa na kuiachia chembe ileile imezwe na seli nyingine, nayo ife. Uvimbe unaofuata huacha makovu, na huo ndio ugonjwa wa silikosisi, usio na tiba ya kuuponya. Mwenye silikosisi ana hatari ya kupata kifua kikuu inayozidi ya mtu wa kawaida mara kadhaa. Akiwa pia na virusi vya UKIMWI, vinavyoangamiza seli za CD4, hatari hizo mbili huzidishana.

Hatari hii imekwisha kupimwa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu uchimbaji mdogo wa dhahabu Tanzania ulikuta silika hewani, kwa wanaofanya kazi chini ya ardhi, ikizidi kwa zaidi ya mara 300 kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini. Hata juu ya ardhi kiwango kilipitwa takriban mara nne.

Kinga ya kwanza ni maji. Mwamba uliolowa wakati wa kutobolewa, kupondwa na kusagwa hutoa vumbi kidogo mno. Kitambaa cha kufunga uso hakitoshi, kwa kuwa chembe zinazoua hupenya nyuzi zake. Inahitajika barakoa maalumu ya vumbi, inayobana uso vizuri. Katente, jirani na Ushirombo, kuna kituo cha mfano cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kinachowafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji bora. Somo la vumbi linastahili kupewa uzito uleule wa somo la zebaki, sumu inayotumika kunasa dhahabu.

Nawe mchimbaji, ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukatoka jasho usiku au kupungua uzito, nenda kituo cha afya upimwe makohozi, na umweleze daktari kazi unayofanya. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na aina ya kawaida hupona kwa dawa za miezi sita. Kovu la silika halifutiki. Kwa hiyo lowesha jiwe kabla hujalipiga.