Usaili wa polisi bila uzoefu: Maandalizi yanaanzia nyumbani

Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, nyumba nyingi hubadilika ghafla. Simu zinapigwa kijijini kutafuta cheti cha kuzaliwa, foleni zinajaa steshenari, na wazazi wanaanza kuulizana ni nani kwenye ukoo anayemfahamu mkubwa fulani. Kijana mwenyewe, ambaye tangu amalize kidato cha nne amekuwa akisaidia gengeni au shambani, anabaki na swali moja: nitasema nini mbele ya maofisa wale wakati sijawahi kuajiriwa popote?

Jibu ni kwamba nafasi ya konstebo haiombi uzoefu wa kazi. Uaskari unafundishwa, na kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakipelekwa Shule ya Polisi Tanzania, Moshi, kwa mafunzo ya awali. Usaili unatafuta mtu anayefundishika: mwenye afya, mwenye kumbukumbu safi, anayesema kweli na anayefikiri kabla ya kujibu. Hayo yote yanaandaliwa nyumbani, ila si kwa usiku mmoja.

Soma tangazo lote

Wapo wanaoanza kufanya mazoezi kabla ya kujua kama wana sifa. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka Mtanzania wa kuzaliwa, mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita, ambaye hajaoa wala kuolewa na hana mtoto. Asiwe na alama za kuchorwa mwilini, asiwe na kumbukumbu za uhalifu, na asiwe mtumiaji wa dawa za kulevya. Urefu umekuwa futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Masharti haya yanaweza kubadilika, hivyo yasome kwenye tangazo la mwaka husika katika tovuti ya jeshi lenyewe, si kwenye picha iliyosambazwa katika kundi la WhatsApp.

Urefu wako upime mapema: bila viatu, mgongo na visigino vikigusa ukuta. Pima asubuhi na pima tena jioni. Mwili hupungua kidogo kadiri siku inavyokwenda kwa sababu pingili za mgongo hubanwa na uzito, na tofauti inaweza kufika sentimita moja. Anayepita kwa nywele chache tu ajue hilo kabla ya kupanda basi.

Vyeti navyo viangaliwe mapema. Linganisha jina lako herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha mtihani. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhamed, au jina la babu lipo hapa na pale halipo, anza kushughulikia sasa kwa mwanasheria, RITA au NIDA. Jambo hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa, wakati wito wa usaili huja kwa siku chache.

Mwili unahitaji wiki, si siku

Katika usaili wa aina hii, kukimbia na mazoezi ya viungo ni jambo la kutarajiwa. Kosa la wengi ni kukaa bila mazoezi miezi mingi, kisha kukimbia kilomita 10 kwa siku tatu mfululizo baada ya kuitwa. Matokeo yake ni misuli kukaza na goti kuvimba, na siku yenyewe mtu anachechemea.

Jipe wiki sita hadi nane. Wiki ya kwanza fanya siku tatu: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia kwa dakika 20. Kila wiki ongeza muda wa kukimbia na punguza wa kutembea, hadi uweze kukimbia dakika 30 bila kusimama. Siku za katikati fanya pushapu na mazoezi ya tumbo, na acha siku moja ya kupumzika kabisa. Kimbia alfajiri au jioni, kunywa maji, na kamwe usivae makoti mazito ukidhani jasho jingi ndilo mazoezi. Joto kali likizidi mwilini linaweza kuua.

Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia au ukiishiwa pumzi kuliko kawaida wakati wa kukimbia, acha na uende hospitali. Vivyo hivyo, mwenye pumu au aliyerithi chembe za sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja azungumze na daktari kwanza. Wengi wenye chembe hizo huishi bila tatizo lolote, lakini mazoezi makali ya ghafla kwenye joto yanaweza kuwaletea hatari.

Kwa wasichana, kuna jambo linalosahaulika: wingi wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Binti anayeona kizunguzungu na kuchoka haraka anaweza kudhani ni mvivu, kumbe damu ni kidogo. Kipimo chake ni rahisi na hupatikana katika vituo vingi vya afya. Chakula cha kusaidia kipo jikoni: dagaa, maharage, ini, mchicha na matembele, pamoja na chungwa au embe. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Na siku ya usaili mkoba uwe na pedi, hata kama tarehe bado.

Vipimo: usifiche, usijitibu

Nenda kapime afya mwezi mmoja kabla: presha, mkojo, macho na meno. Kama huwezi kusoma maandishi ya daladala hadi ikukaribie, kapime macho sasa. Kinachogunduliwa mapema mara nyingi kina tiba, au angalau kinakuokoa na mshtuko mbele ya watu.

Presha huwasumbua wengi siku yenyewe. Kijana mzima kabisa anaweza kusoma 145/90 kwa sababu hakulala, amekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, amebana mkojo na ametoka mbio kuwahi foleni. Kipimo kimoja cha juu hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa wa presha, lakini kinaweza kukuharibia siku. Lala mapema, acha kahawa na vinywaji hivyo, nenda haja, kaa kimya dakika tano, miguu yote chini, ndipo upimwe. Usimeze dawa ya presha ya bibi ili kushusha namba.

Kuhusu bangi, tuseme wazi: kwa mvutaji wa mara kwa mara, dalili zake hubaki kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Hakuna maziwa wala ndimu ya kuisafisha kwa usiku mmoja.

Ndani ya chumba cha usaili

Hapa ndipo asiye na uzoefu hutetemeka zaidi. Maswali mengi, hata hivyo, yanaweza kutarajiwa. Kwa nini unataka kuwa askari? Kazi za Jeshi la Polisi ni zipi? Ukipangiwa Kigoma na wazazi wako wako Lindi, utakwenda? Ukimkuta kaka yako na mali ya wizi, utafanya nini?

La pili lina jibu katika sheria. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inataja kulinda amani, kusimamia utii wa sheria, kuzuia na kubaini uhalifu, kukamata na kulinda wahalifu, na kulinda mali. Jua pia kwamba jeshi liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwamba namba ya dharura ni 112, kwamba Dawati la Jinsia na Watoto hushughulikia ukatili, na kwamba Katiba, ibara ya 147, inamkataza askari polisi kujiunga na chama cha siasa. Soma vyeo kuanzia konstebo hadi Inspekta Jenerali, na hakikisha majina ya viongozi ni ya sasa. Daftari la kaka aliyefanya usaili mwanzoni mwa 2022 litakuambia IGP ni Simon Sirro, wakati Julai mwaka huohuo nafasi hiyo ilikwenda kwa Camillus Wambura.

Swali la kwa nini unataka kazi hii ni lako mwenyewe. Usikariri kwamba umeipenda tangu utotoni kama hujaipenda. Chukua mfano wa binti aliyekaa miaka miwili kwenye genge la mama yake. Amefungua saa 12 asubuhi kila siku, ametunza daftari la madeni, amewatuliza wateja walevi bila kupigana. Hajaajiriwa, lakini ana mifano mitatu ya uaminifu, kuwahi na uvumilivu. Aliyekuwa kiranja, aliyetunza fedha za kwaya, au aliyemuuguza babu anao mifano kama hiyo. Andika mitatu ya kwako, kila mmoja kwa sentensi nne: ilikuwaje, ulifanya nini, ilitokea nini, ulijifunza nini.

Kwenye swali la kaka na mali ya wizi, wanataka kuona kama utasimama upande wa sheria bila kujitapa. Jibu la wastani linatosha: utatoa taarifa kwa mkubwa wako na kuacha mwingine asiye ndugu alishughulikie. Ukiwa hujui, sema kwa utulivu kwamba hujui, afande. Neno hilo hutumika kwa mkubwa wa kiume na wa kike.

Familia ifanye mazoezi haya sebuleni. Baba, shangazi na jirani wakae mezani, kijana abishe hodi, asalimie, asubiri kukaribishwa kiti. Dakika 15, mara mbili kwa wiki, na mmoja wao amkatishe makusudi ili azoee kutoyumba.

Mzazi, usiuze ng'ombe

Msimu wa ajira ni msimu wa matapeli. Anapiga simu mtu mwenye sauti nzito, anajua jina kamili la mtoto, anataka milioni ili alipeleke jina mbele. Serikali haiuzi nafasi. Fedha hiyo ikishatumwa huna pa kudai, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inambana anayetoa kama inavyombana anayepokea. Namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Fedha ya familia iende kwenye nauli, malazi, chakula na raba imara, kwa sababu msailiwa hujigharamia mwenyewe.

Zaidi ya hapo, fikirini: kijana aliyeingia kwa hongo atakuwa amejifunza nini kuhusu kazi hiyo kabla hata ya kuvaa sare?

Mwisho, zungumzeni mapema kuhusu kukosa. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wazuri pia hurudi nyumbani. Asipokelewe kwa maneno ya kumlinganisha na mtoto wa jirani. Akikosa usingizi, akikataa kula au akijitenga kwa zaidi ya wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya akaonane na mtaalamu. Vyeti vilivyonyooshwa, mwili uliojengeka na ulimi uliozoea kujieleza havipotei. Magereza, Uhamiaji na Zimamoto nao hutangaza nafasi, na umri ukiruhusu, tangazo lingine la polisi litamkuta amejiandaa.