Mara ya kwanza kuvuka Lunga Lunga bila mzigo

Na Mwandishi Wetu, Diani

OFISA aliyekuwa zamu Lunga Lunga alimtazama mke wangu, akachungulia nyuma yake, kisha akamtazama tena.

"Mama machungwa, leo gari liko wapi?"

"Leo sina gari," mke wangu alijibu, akaninyooshea kidole. "Mzigo wangu wa leo ni huyu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nilicheka, ingawa maneno yale yalinichoma kidogo. Kwa miaka tisa ya ndoa yetu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kuvuka mpaka pamoja bila mmoja wetu kuwa kazini.

Wasomaji wa gazeti hili wanawajua watu kama mke wangu. Ananunua machungwa Muheza, anapakia Canter, anapita Horohoro na Lunga Lunga, anashusha soko la Kongowea, Mombasa. Akirudi Tanga anakuja na vyombo vya plastiki. Mimi naandika habari za mipaka, na nilikutana naye hapo hapo Horohoro, nikiandika juu ya wafanyabiashara waliolala njiani na mazao yao. Tangu tulipooana, akirudi yeye naondoka mimi. Ndoa yetu ilikuwa ya kupokezana funguo za nyumba.

Kila safari ya Mombasa alipita steji ya Ukunda. Pale barabara inakata kulia kuelekea Diani, mojawapo ya fukwe zinazojulikana sana Afrika Mashariki. Bahari iko kilomita chache tu kutoka barabara kuu. Aliwaona watu wakishuka na mabegi, mume na mke wameshikana mikono. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukata kona ile.

"Nikipumzika mimi," alizoea kusema, "mteja wangu anapumzikia kwa mwingine."

Daktari ndiye aliyetuandikia safari

Mwezi Julai mwaka huu alipimwa presha, ikaonekana iko juu. Daktari alimpa dawa, akamwambia dawa peke yake haitoshi. Mwili nao upewe nafasi. Mke wangu aliitikia kwa adabu. Kesho yake alfajiri alikuwa Muheza.

Ilichukua miezi mitatu kumshawishi. Hoja yangu haikuwa ya mapenzi, angeikataa. Nilichukua daftari lake la hesabu, lile lenye mistari ya nauli, wapakiaji, ushuru wa soko na machungwa yaliyooza, nikamuuliza: "Canter ikiharibika unaipeleka gereji. Wewe gereji yako iko wapi?" Alilifunga daftari, akanyamaza. Siku mbili baadaye aliniambia tukaangalie tarehe.

Tulichagua mwisho wa Oktoba, siku nne. Msimu mkubwa wa machungwa ulikuwa umepita. Upepo wa kusi, ambao hujaza mwani ufukweni, ulikuwa umetulia, na bei za Krismasi zilikuwa hazijaanza. Dada yangu alikuja kukaa na watoto. Mdogo wake mke wangu aliachiwa mzigo mmoja mdogo wa mwisho wa msimu.

Haki tunayoitumia nusu

Sisi tunaoishi kwa mipaka tunaijua Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa upande wa bidhaa. Mwulize mama yeyote wa Horohoro, Namanga au Busia, atakwambia kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Mwulize kuhusu yeye mwenyewe kupita, atafikiri unamtania.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Haikuandikwa kwa ajili ya mahindi na machungwa tu. Kanuni zake za uhuru wa watu kusafiri zinampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kutembelea nchi nyingine ya Jumuiya kwa muda wa hadi miezi sita, bila kulipia. Kutembea nako kumo humo: kumsalimia shangazi, kwenda harusini, au kukaa tu na kutazama bahari.

Kenya ilipoanzisha idhini ya kusafiri ya kielektroniki Januari 2024, raia wa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hawakutakiwa kuiomba. Sisi tulitoa pasipoti zetu za kielektroniki za Afrika Mashariki na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Kwa kuwa Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, maofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jengo moja. Tuligongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kubadilisha paa. Hatukuwa na cha kupima wala cha kukaguliwa zaidi ya mabegi mawili.

"Kumbe hivi ndivyo wenzetu wanavyopita," alisema mke wangu.

Bei ya nani?

Pale mapokezi ya hoteli ndipo mambo yalipokwama. Kijana wa kaunta alitukaribisha vizuri, kisha akatuuliza kama tuko na vitambulisho vya Kenya. Tulipotoa pasipoti alitutajia bei kwa dola. Hoteli nyingi za pwani zina bei mbili: ya mkazi na ya mgeni kutoka nje. Ya mgeni, pale tulipokuwa, ilizidi ya mkazi kwa karibu theluthi moja.

Mimi, msomi wa mambo ya kanda, niliingiza mkono mfukoni kutafuta pochi. Mke wangu alinishika mkono. Aliichukua pasipoti yake, akaiweka juu ya kaunta na kuweka kidole kwenye jalada, palipoandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

"Mwanangu, soma hapa. Mimi si mgeni. Machungwa yangu mnakunywa kila asubuhi."

Kijana alimwita msimamizi. Msimamizi alikuja, akatazama, akatabasamu, akasema bei ya Afrika Mashariki ipo, ila watu hawaiulizii. Tulilipa hiyo.

Nieleze wazi: hoteli binafsi hailazimiki kumpa Mtanzania au Mganda bei ya mkazi. Ni uamuzi wa mwenye hoteli. Mwaka 2021 Jumuiya ilianzisha kampeni ya Tembea Nyumbani, ikiwahimiza wananchi watalii kwao na wenye hoteli wawape wenzao wa kanda bei nafuu. Kwenye hifadhi za taifa mambo yako wazi zaidi: Kenya na Tanzania zote zina ada za chini kwa raia wa Afrika Mashariki. Kwingineko inabidi uulize, tena kabla ya kulipa. Mfanyabiashara anayebishana nusu saa kwa shilingi mia ya gunia hana sababu ya kuona haya mapokezini.

Simu ya saa tatu usiku

Siku ya kwanza mke wangu hakupumzika. Alihesabu mayai ya kifungua kinywa na kukisia idadi ya trei. Alimuuliza mhudumu machungwa ya juisi yanatoka wapi. Akajibiwa yananunuliwa sokoni Ukunda, na huko yanaletwa kutoka Muheza. Macho yakamng'aa. Jioni nilimkuta jikoni anazungumza na mnunuzi wa hoteli.

Usiku wa pili, saa tatu, simu iliita. Mdogo wake alikuwa amekwama mpakani na Canter. Cheti cha afya ya mimea alikuwa amekisahau nyumbani Muheza, kwenye droo.

Mke wangu alianza kufungasha. Kutoka Diani hadi Lunga Lunga si mbali, na alikuwa ameshafikia kumtafuta dereva. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kuyasema: kwamba machungwa yake ameolewa nayo kabla yangu. Naye alinijibu kwamba mimi nimekuja Diani kuandika makala, kwamba ameiona kalamu yangu chini ya mto. Ilikuwa kweli. Makala yenyewe ndiyo hii unayoisoma.

Alitoka na simu. Nilimfuata baada ya muda, nikamkuta amekaa mchangani, akimwelekeza mdogo wake nani ampigie, cheti kiletwe na basi gani la alfajiri, gari liegeshwe kwenye kivuli. Ilipofika saa tano usiku kila kitu kilikuwa kimepangwa. Hakukuwa na haja ya yeye kwenda.

Tulikaa pale. Mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa yamerudi nyuma mbali. Ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka tisa hatukuwahi kupata saa ya kuzungumza. Mama yake alifia sokoni. Alianguka mizani ikiwa bado mkononi, na presha hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha. Watu walimwona daktari mara moja, miaka miwili kabla, aliyemwambia apumzike.

"Sikuogopa kuacha machungwa," alisema. "Niliogopa kukaa kimya, nikaanza kulifikiria hilo."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimfunika na kanga yake, tukakaa hadi maji yalipoanza kurudi.

Siku mbili zilizobaki

Asubuhi tulikubaliana: simu zitawaka asubuhi na usiku, katikati zitakaa kwenye droo. Kalamu nayo iliingia humo.

Mlinzi wa ufukweni, mzee wa Kidigo, alitufundisha ratiba ya pale. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji hupwa sana yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi jioni. Kwa hiyo asubuhi tulitembea juu ya mchanga mgumu kuelekea kwenye mwamba wa matumbawe, tukitazama viti vya pweza na samaki wadogo waliobaki madimbwini. Jioni tuliingia majini. Mke wangu hajui kuogelea. Alikaa kwenye maji ya kiunoni, mawimbi yakampiga mgongoni, akacheka kama mtoto.

Barabara ya Diani ina ngazi za kamba zilizotundikwa juu, ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Mke wangu alisimama akawatazama wakipita mmoja mmoja. "Hata hawa wamejengewa kituo cha kuvukia," alisema, "na hawadaiwi cheti."

Siku ya mwisho tulikwenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Unafungwa kitambaa cheusi, unaingia polepole, unasema kwa sauti ya chini. Tulitoka pale tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama mmoja Ukunda, kwa bei ambayo haikuhitaji kujadiliwa pasipoti.

Ukitaka kwenda

Si lazima ulale hoteli kubwa. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema eneo lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Ukilala nyumba ya wageni ya kawaida Ukunda, unaingia ufukweni kwa njia za umma na kutembea kwenye mchanga ule ule.

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa, mpango ulioanza mwaka 2014. Mtanzania aende na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Mkenya anayetaka kuja upande wetu, Pangani au Zanzibar, naye ajiandae na hati ya kusafiria. Anayetokea bara anaweza kupanda treni ya Madaraka kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha avuke kivuko cha Likoni. Kadi ya homa ya manjano iwe mfukoni. Fedha za simu nazo huvuka: M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinatumiana tangu 2015.

Miezi ya masika, Aprili na Mei, bei hushuka sana, ingawa mvua hunyesha na baadhi ya hoteli hufungwa. Kwa mfanyabiashara ambaye mzigo wake umelala, huo si wakati mbaya.

Mstari mpya daftarini

Mzigo uliokwama uliingia Kongowea kwa kuchelewa siku moja. Machungwa machache yalioza. Mteja hakwenda kwa mwingine.

Wiki moja baada ya kurudi Tanga, nilimkuta mke wangu mezani na daftari lake. Alikuwa anapiga hesabu za msimu ujao: nauli, wapakiaji, ushuru wa soko, yaliyooza. Chini yake alikuwa ameongeza mstari ambao haukuwahi kuwepo. Alikuwa ameandika *gereji*, na mbele yake kiasi cha fedha cha kutosha watu wawili, usiku mbili, Ukunda.