Dawa ya Kifafa Iitwayo Valproeti: Mama na Msichana Waijue Mapema

Karibu kila kikundi kina mtu anayemeza dawa ya kifafa, au anayemlea mtoto anayeimeza. Ukimwuliza ni dawa gani, mara nyingi atakuambia "zile kubwa", au "zile za asubuhi na jioni". Jina halijui. Leo twataka kueleza moja tu kati ya dawa hizo, nayo ni valproeti. Pengine pakiti yako imeandikwa Epilim, ambalo ni jina la biashara, lakini dawa ni ile ile. Tumeichagua kwa sababu ni dawa nzuri sana kwa mtu mmoja, na kwa mwenzake inaweza kuleta hasara isiyorudishika.

Je, inafanya nini? Ubongo hupeleka habari kwa umeme mdogo mdogo, kila sehemu ikiongea kwa zamu yake. Kifafa ni kama mkutano ambapo wanachama wote wameanza kupiga kelele mara moja: mwenyekiti hasikiki, kazi inasimama. Mtu anaanguka, anatupa mikono na miguu, anauma ulimi. Au haanguki hata kidogo. Mtoto anaduwaa darasani sekunde chache tu, na mwalimu anadhani ni uvivu. Valproeti hutuliza kelele hizo, na inasaidia aina hizi zote mbili. Hakuna pepo hapa, na povu la mgonjwa haliambukizi mtu.

Namna ilivyogunduliwa inachekesha kidogo. Ilitengenezwa mwaka 1882 na mwanakemia wa Marekani aitwaye Burton, na kwa miaka 80 hivi watu waliitumia kama maji ya kuyeyushia dawa nyingine tu. Mwaka 1962 watafiti fulani huko Ufaransa walikuwa wakijaribu dawa zao kwa wanyama. Wakaona kila walichoyeyusha humo kinazuia kifafa, hata vile visivyotarajiwa. Kumbe ni yale maji yenyewe! Mwaka 1967 ikaanza kuuzwa Ufaransa kama dawa ya kifafa.

Dawa hii hii hutumiwa pia kuzuia kipandauso, yaani kile kichwa kinachogonga upande mmoja, macho yakichukia mwanga na mtu akitapika. Marekani iliruhusiwa kwa kazi hiyo mwaka 1996. Lakini angalia: inazuia, haiondoi maumivu yaliyokwisha kuanza. Humezwa kila siku, hata siku kichwa hakiumi, na hupewa miezi miwili au mitatu kabla ya kusema imefaa au haikufaa. Ati mtu aazime vidonge viwili kwa jirani mwenye kifafa kwa sababu kichwa kinamuuma leo! Yeye hatapona, na jirani atapungukiwa.

Kumeza dawa

Kipimo huandikwa na daktari, tena huongezwa pole pole. Kwa hivyo usishangae ukiambiwa urudi mara kwa mara. Meza pamoja na chakula, tumbo lisichafuke. Kidonge kimeze kizima, usikitafune wala kukiponda, maana vingi vimetengenezwa viyeyuke polepole. Kwa mtoto iko dawa ya maji. Ukisahau, meza unapokumbuka, ila kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, ruka kile ulichosahau. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Mwanzoni wengi huona kichefuchefu na usingizi. Wengine hunenepa, mikono ikatetemeka kidogo, au nywele zikapungua, na mara nyingi nywele hizo huota tena. Mambo haya mwambie daktari siku ya kliniki. Lakini mtu akianza kutapika mfululizo, tumbo likimuuma sana, macho yakiwa ya manjano, akivilia damu ovyo au akilegea na kusinzia kupita kawaida, usingojee siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana ini au kongosho huenda limedhurika. Hatari ya ini ni kubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka 3, hasa katika miezi 6 ya kwanza ya dawa.

Mimba

Sasa tumefika penye uzito. Tuchukue msichana wa miaka 19. Amemeza valproeti tangu darasa la tano na hajaanguka miaka mitatu. Mahari yanazungumzwa. Nyumbani kila mtu anashukuru kwamba ugonjwa umetulia, na hakuna anayefikiria dawa.

Katika watoto 100 wa kina mama kwa jumla, wawili au watatu huzaliwa na kilema kikubwa. Kina mama waliomeza valproeti wakiwa na mimba, hesabu hiyo hupanda hadi 10 au 11. Kuna mgongo wazi, mdomo uliopasuka, moyo wenye kasoro, viungo visivyokamilika. Tena kati ya watoto 100 hao, 30 hadi 40 hupata shida ya akili kukua: wanachelewa kutembea na kuongea, masomo yanawalemea, wengine wana usonji. Mtoto wa namna hii anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kuzaliwa, shida ije kuonekana akiwa na miaka miwili au zaidi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwezi wa Mei 2023 kwamba wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe valproeti.

Mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua kama wana mimba. Kliniki ya wajawazito watafika mwezi wa tatu au wa nne, na jambo limekwisha tendeka. Vidonge vya foliki ni vizuri kwa kila mama, lakini haviondoi hatari hii.

Basi afanyeje? Jibu rahisi lingekuwa atupe vidonge, nalo ndilo jibu baya. Mtu akiacha dawa ya kifafa ghafula anaweza kupatwa na kifafa kinachofuatana bila fahamu kurudi, na kinaweza kumuua yeye na mtoto tumboni. Hata yule aliyekwisha kushika mimba asiache mwenyewe. Aende hospitali mara moja, kesho ikiwezekana. Lakini aliyepewa kwa ajili ya kipandauso tu, daktari atamsimamishia, kwa maana kichwa kina dawa nyingine za kuzuia, kama propranololi.

Msichana wetu anatakiwa kwenda hospitali ya kaunti kabla ya harusi na kusema wazi: "Nameza valproeti, na nataka kuzaa." Daktari anaweza kumhamisha kwenye dawa kama lamotrijini au levetirasetamu, ambazo zina hatari ndogo zaidi kwa mtoto. Kuhama huchukua wiki au miezi, dawa mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka, na wakati huo apange uzazi kwa njia ya kutegemeka. Hapa pana jambo lisilojulikana na wengi: fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya vile vijiti vya mkononi. Valproeti haifanyi hivyo. Basi anayemeza hizo mbili amtajie mhudumu dawa yake kabla ya kuwekewa kijiti. Koili haiharibiwi na dawa hizi.

Wanaume nao wasiondoke mkutanoni tukifika hapa. Tangu 2024 wakubwa wa dawa huko Ulaya wanashauri mwanamume anayemeza valproeti aongee na daktari kabla ya kutaka mtoto, kwa tahadhari.

Kazi ya kikundi

Tunaona shida kubwa vijijini ni dawa kwisha. Zahanati imekosa, chemisti iko mbali, pesa haipo, na mtu anakaa siku tano bila kidonge. Kikundi chenye akiba kinaweza kumkopesha mwanachama pesa ya dawa ya mwezi mmoja, naye azinunue akiwa bado na za wiki mbili nyumbani. Ulizeni bei katika maduka mawili au matatu yenye leseni, kwa kuwa hutofautiana sana. Na kila mgonjwa aandikiwe kwenye kitabu chake jina la dawa, kipimo chake na siku aliyoanza, halafu akionyeshe kitabu hicho kila anapotibiwa, hata kama amekwenda kwa ajili ya malaria au jino.