Ziwa Lililozaliwa na Moto

Tukisikia neno volkano, wengi wetu huwaza mlima unaotema moto. Lakini je, wajua kwamba volkano inaweza kutuachia ziwa? Kubwa kuliko yote ya aina hiyo ni Ziwa Toba, katika kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Urefu wake ni karibu kilomita 100, upana kilomita 30, na kina karibu mita 500. Ziwa Victoria letu ni pana zaidi, lakini kina chake hakifiki hata mita 100.

Lilitokeaje?

Miaka kama 74,000 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi yalilipuka na kutoka kwa wingi. Wachimba mchanga wa mtoni wanalijua jambo hili: ukitoa mchanga wa chini, udongo wa juu huanguka. Ndivyo ilivyokuwa Toba. Ardhi iliporomoka, likabaki shimo kubwa mno, na mvua ikalijaza. Baadaye nguvu za chini zikasukuma sakafu juu, kikatokea kisiwa cha Samosir. Majivu yake yalifika hata Afrika: mwaka wa 2013 wataalamu walieleza kuwa wameyapata katika matope ya Ziwa Malawi.

Mbona maji yake si ya chumvi?

Kwa sababu Mto Asahan huyatoa kwenda baharini. Ziwa Turkana halina mto wa kulitoa maji. Jua huyakausha na chumvi hubaki.

Shida iko wapi?

Wenyeji wa Toba, Wabatak, hufuga samaki kwa vizimba vya wavu. Ni kazi nzuri, lakini mabaki ya chakula na kinyesi huzama, huoza, na kumaliza oksijeni. Hali ya hewa ikibadilika, maji mabaya ya chini hupanda juu. Mwezi wa Mei 2016, huko Haranggaol, zaidi ya tani 1,000 za samaki zilikufa. Watu walipoteza mtaji wote.

Usiseme hayo ni ya mbali. Mwishoni mwa 2022, wafugaji wa ngege upande wa Kisumu walipata hasara kama hiyo maji yalipokosa hewa.

Basi tufanye nini?

1. Usijaze samaki kupita kiasi katika kizimba kimoja.
2. Weka vizimba mahali penye kina na maji yanayotembea, si kwenye ghuba iliyotulia.
3. Wape chakula wanachoweza kumaliza. Kinachozama ni pesa yako, tena ni sumu.
4. Ukiwaona wakipanda juu asubuhi wakihema, acha kulisha kwanza, umwite afisa wa uvuvi.

Shimo lilichimbwa na moto, lakini uchafu tunauweka sisi wenyewe. Mkiwa kikundi, kaeni mkubaliane idadi ya vizimba kabla ya kuongeza kingine, kwa maana maji ya jirani ndiyo maji yako.