Kabla ya kununua stendi nyepesi ya kamera, pima kimo chako

NI jambo la kawaida kumwona mpiga picha katika ukumbi wa harusi jijini Dar es Salaam akiwa ameinama nyuma ya kamera yake, tangu maharusi wanapoingia hadi keki inapokatwa. Ifikapo saa sita usiku mgongo umekaza na shingo haigeuki, ilhali kazi bado haijaisha.

Wengi hudhani kuwa maumivu hayo ni sehemu ya kazi. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo chake ni stendi ya miguu mitatu, maarufu kwa jina la tripodi, iliyonunuliwa kwa sababu ni nyepesi bila mnunuzi kujiuliza iwapo inalingana na kimo chake.

Maumivu si hasara pekee. Mtu aliyechoka kuinama huishia kupandisha nguzo ya katikati ili kamera ifikie macho yake. Hapo kamera hubaki juu ya mlingoti mmoja mwembamba, na hutikiswa na upepo, na hatua za wapita njia, na hata na kidole kinachobonyeza kitufe.

Picha ya ukumbi uliopambwa kwa taa hafifu inaweza kuhitaji nusu sekunde nzima ya kukusanya mwanga. Katika muda huo, mtikisiko mdogo hutosha kuifanya picha iwe na ukungu. Harusi nayo hairudiwi kwa ajili ya picha.

Tatizo huanzia dukani. Boksi la stendi kwa kawaida hutangaza kimo cha juu kabisa, yaani miguu ikiwa imevutwa yote na nguzo ya katikati ikiwa imepandishwa hadi mwisho. Kipimo chenye manufaa kwa mnunuzi ni kingine: kimo cha stendi miguu ikiwa imevutwa yote, lakini nguzo ikiwa imeshushwa. Kwa kuwa nguzo hiyo inaweza kuongeza sentimita 25 au zaidi, stendi mbili zenye namba moja kwenye boksi zinaweza kutofautiana sana.

Hesabu ya kimo kinachomfaa mtu si ngumu. Macho ya mtu mzima huwa chini ya utosi kwa takriban sentimita 12. Kutoka kitako cha kamera hadi kwenye kidirisha cha kuchungulia ni kama sentimita 8, na kichwa cha stendi, ambapo kamera hufungwa, huchukua sentimita 10 hivi. Jumla yake ni sentimita 30.

Kwa hiyo, mwenye kimo cha sentimita 170 atafute stendi ambayo miguu yake pekee hufikia sentimita 140. Mwenye sentimita 185 anahitaji 155, na mwenye sentimita 155 anatosheka na 125. Ni vyema kumuuliza muuzaji iwapo kipimo kilichoandikwa kimejumlisha kichwa, kwa kuwa watengenezaji hawafuati utaratibu mmoja.

Ziada ya sentimita chache si hasara. Kwenye mteremko, mguu unaoelekea bondeni huhitaji kuwa mrefu kuliko mingine, na stendi ndefu hufupishwa kwa urahisi, lakini fupi hairefuki. Kwa upande mwingine, anayepiga picha akiwa ameketi, au mwenye kamera ambayo kioo chake hugeuzwa kutazama juu, anaweza kuridhika na stendi inayomfikia kifuani.

Suala la uzito huja baada ya hapo. Stendi nyingi za safari huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, kiasi ambacho mtu anaweza kupanda nacho daladala bila taabu. Wepesi huo hupatikana kwa njia mbili, nazo hazilingani kwa ubora.

Njia ya kwanza ni malighafi. Miguu ya nyuzi za kaboni ni myepesi kuliko ya alumini na hutuliza mtikisiko vizuri zaidi, ingawa bei yake ni kubwa na ikigongwa vibaya inaweza kupasuka. Njia ya pili ni kupunguza unene wa miguu. Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu stendi yenye vipande vinne au vitano kwa kila mguu hukunjika ikawa fupi na kuingia mkobani, lakini kipande cha chini kabisa huwa chembamba na hulegea upepo unapovuma.

Aidha, mnunuzi anashauriwa kuangalia uzito ambao stendi imetengenezewa kubeba. Ni busara uwe angalau mara mbili ya uzito wa kamera pamoja na lenzi yake nzito zaidi.

Njia ya uhakika ni kwenda dukani na kamera yako. Vuta miguu yote, acha nguzo chini, funga kamera na usimame wima nyuma yake kwa dakika mbili. Shingo ikianza kulalamika, stendi hiyo si yako. Kisha kuza picha kwenye kioo na uguse mguu mmoja kwa kidole. Picha ikichukua muda mrefu kutulia, irudishe stendi rafuni.

Baada ya kununua, vuta kwanza vipande vinene vya juu, na nguzo ya katikati iwe ya mwisho. Tumia kihesabu muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera. Ukirejea kutoka ufukweni, osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe, kwani chumvi na mchanga huharibu vifungio.

Rafiki anayeisifu stendi yake huenda anasema kweli. Kabla ya kumfuata dukani, simama naye bega kwa bega: akiwa mfupi kwako kwa sentimita 20, sifa hizo zitakuumiza mgongo.